Ua Alilolitupa Fundi Saa

Baba yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Fundi Saa, alizaliwa tarehe 9 Aprili 1949, kifungua mimba wa mwashi na mshonaji. Alisoma hadi darasa la nane, kisha mjomba wake akamfundisha kutengeneza saa. Mteja akileta saa iliyonyamaza na kutaka kuitupa, alimwambia, "Kusimama si kufa. Ngoja kwanza tuifungue."

Alimwoa mama yetu tarehe 12 Juni 1976, wakatupata sisi wawili.

Kabla hajatutoka alituagiza, "Msinipambe. Na lile la ua lisomwe." Basi tunalisoma, ingawa nasi tunaona haya kwa niaba yake.

Mwaka 1988 Mama alikwenda kumuuguza bibi, akamwachia Baba ua lake la chunguni, lenye majani ya zambarau yanayojikunja kila jioni. Majani yakanyauka, yakaisha. Baba akazidisha maji, wapi. Mwishowe akalimwaga jalalani nyuma ya nyumba, udongo na vyote, yeye ambaye hakuwahi kutupa saa bila kuifungua. Mama aliporudi, Baba akamwambia, "Mdogo wako hakulimwagilia."

Huyo mdogo wake Mama alikuwa akiishi nasi, akijifunza ushonaji. Alisema tu, "Mimi, shemeji?" Jioni hiyo hiyo akafunga virago.

Mvua ziliponyesha, jalala likachipua majani ya zambarau. Kumbe ua lile hukauka kwa msimu, na mizizi yake iliyo kama vitunguu vidogo hubaki hai udongoni. Mama hakugomba. Alimwita, "Fundi, hebu njoo utazame." Baba akatazama mbele yetu sote, uso ukamshuka.

Tangu hapo alilitunza mwenyewe. Likikauka, aliacha kulimwagilia, akaliweka kivulini na kutukataza kuligusa. Kila alipoigawa mizizi, alipanda chungu kimoja, akakipeleka kwa shemeji yake na kukiacha mlangoni bila kubisha hodi. Radhi hakuwahi kumwomba. Hata kwenye harusi ya shemeji aliketi nyuma kabisa, karibu na mlango.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2021. Shemeji alipofika wodini, Baba aligeukia ukutani. Shemeji akavuta kiti.

"Vyungu vyako vyote viko hai, shemeji. Ila baraza yangu imejaa. Sasa sema tu."

"Nilikusingizia," Baba alisema. "Nimeona haya miaka yote hii."

"Najua. Ndiyo maana nilikuwa navimwagilia."

Baba alifariki asubuhi ya tarehe 3 Februari 2024, Mama akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, watoto wawili, wajukuu, na shemeji huyo, ambaye leo ameketi nasi mstari wa mbele. Ua la Baba kwa sasa limekauka. Chungu tumekiweka kivulini, na hakuna atakayekitupa.

Apumzike kwa amani, wala asione haya tena.