Ngoto Si Bei: Maisha ya Juliana Anselmi Kobero, 1951–1999

Baba Paroko, masheikh, wazee wetu mlioteremka kutoka Kinole, wafanyakazi wa idara ya ardhi, majirani wa Kihonda na nyote mliofika, wakubwa shikamooni, wadogo nawasalimu. Mimi ni Regina, mdogo wake marehemu, tumbo moja, na wapo waliotaka historia hii isomwe na mtu mwenye sauti ya upole kuliko yangu, nikawaambia upole alikuwa nao Juliana na mmeona ulikomfikisha.

Marehemu Juliana Anselmi Kobero alizaliwa tarehe 9 Mei 1951, kijijini Kinole, katika Milima ya Uluguru, akiwa mtoto wa kwanza wa mzee Anselmi Kobero, fundi seremala, na mama yetu Josephina, ambaye ardhi ya bonde lile lote la midalasini na michungwa ni ya ukoo wake. Alianza darasa la kwanza hapo hapo Kinole mwaka 1959, akaendelea na shule ya kati Matombo mwaka 1963, akafika sekondari hapa Morogoro mwaka 1967, na mwaka 1972 akaenda Dar es Salaam kusomea uthamini wa ardhi na majengo, akiwa msichana wa kwanza wa kijiji chetu kusoma jambo ambalo baba hakuweza kulieleza kwa wenzake, akabaki kusema tu kwamba binti yake anasomea kujua vitu vina thamani gani.

Mwaka 1975 aliajiriwa serikalini, ofisi ya ardhi Morogoro, na tarehe 18 Desemba 1976 alifunga ndoa na Godlisten Lema, mhadhiri wa kilimo, mtu wa Machame aliyekuja kufundisha akanogewa na mji, na Mungu akawajalia watoto wawili, Editha mwaka 1978 na Jackson mwaka 1981. Shemeji Godlisten, pole sana, ulimtunza dada yangu mpaka ukasahau kula.

Upepo wa mageuzi ulipovuma, mashirika yakauzwa na watumishi wakapunguzwa, naye Juliana alipunguzwa mwezi Juni 1994 baada ya utumishi wa miaka kumi na tisa, akaajiriwa na kampuni moja binafsi ya uthamini hapa mjini, na huko ndiko alikofanya kazi aliyojivunia kuliko zote. Aliunda programu ya kompyuta, ambayo unailisha habari za nyumba na viwanja vilivyouzwa kweli, ukubwa wake, maji yapo au hayapo, gari inafika au haifiki, halafu ukiiuliza habari za nyumba ambayo haijauzwa, inatafuta ndugu zake wanaofanana nayo, inalinganisha na kukutajia thamani, kazi iliyokuwa ikimchukua mthamini wiki nzima ikaisha kabla chai haijapoa. Watu walikuja kuishangaa kutoka Dodoma na Iringa. Lakini Juliana hakuwa mtu wa kushangilia mashine, aliiwekea swali moja la lazima, kwamba aliyetoa na aliyepokea ni watu baki au wana uhusiano, kwa sababu, alisema, bei ya ndugu si bei, na ukiiingiza humo umeidanganya mashine, nayo itawadanganya watu kwa uso mkavu.

Mkurugenzi wake, Bwana George, ambaye namwona pale nyuma na miwani yake ya jua, aliliondoa swali lile mwezi Februari 1997, Juliana akiwa likizo ya ugonjwa, kwa maelezo kwamba linachelewesha kazi. Usiinamishe kichwa, Bwana George, leo ni siku ya kusikiliza.

Mwezi uliofuata akaja mwekezaji aliyetaka bonde letu alime viungo vya kuuza nje, akakubali kuwalipa wenye mashamba kiasi kitakachotajwa na mthamini, na kampuni ikapeleka vijana Kinole, vijana wazuri, wamesoma, ila hakuna hata mmoja aliyekulia milimani, wakapita shamba hadi shamba wakiuliza, ulitoa shilingi ngapi kupata shamba hili. Wageni wetu mliotoka mbali niwaeleze, kwetu ardhi ni ya ukoo wa mama na haiuzwi, anayeomba kulima humpelekea mkuu wa ukoo ngoto, yaani kuku, au kibuyu cha pombe, au visenti vichache, ili kusema kwamba naijua ardhi hii ni yenu. Ngoto ni heshima, kama shikamoo ilivyo heshima, na sijapata kusikia nyumba iliyothaminiwa kwa shikamoo. Watu wa Kinole walijibu ukweli, kwa sababu kwetu kudai umenunua ardhi ya ukoo ni aibu kubwa, vijana wakaandika ngoto mahali pa bei, kompyuta ikalinganisha ngoto na ngoto, ikatoa jibu kwamba bonde zima lenye miti iliyopandwa na bibi zetu halifikii thamani ya vibanda viwili vya Msamvu hapa mjini. Nasema hivi nikiwa na hasira, na sitaomba radhi kwa hasira hiyo mbele ya jeneza hili.

Juliana aliporudi kazini na kuyaona majibu hayo alimwambia mkurugenzi asimamishe, akajibiwa, "Mama, si wewe uliyesema mashine hii haina upendeleo?" na tathmini ikatoka ikiwa na jina lake, kwa kuwa yeye ndiye mthamini aliyesajiliwa. Wanakijiji walilipwa vumbi, nguzo za uzio zikasimamishwa, na nyinyi watu wa Kinole mkamhukumu. Juliana ameuza ukoo, mlisema. Alipopanda kuja kuwaeleza, Pasaka ya 1998, mlifunga milango, watoto wakakatazwa kumwamkia, akashuka mlima kwa miguu na uvimbe tumboni, mkimwacha apite bila hata maji ya kunywa. Hamkuchoka kumsema, na hakuna aliyemuuliza hata neno moja.

Aliacha kazi, akafungua kesi mahakamani akitaka mkataba ule wa mwekezaji ubatilishwe, akiishtaki kazi yake mwenyewe, na hakimu akataka angalau mtu mmoja wa Kinole asimame aeleze ngoto ni kitu gani, maana maneno ya Juliana peke yake hayakutosha wakati jina lake ndilo liko kwenye tathmini. Kila tarehe ya kesi alikaa kwenye benchi la mahakama akiangalia mlangoni, na hakuna aliyekuja.

Saratani iligundulika mwezi Septemba 1998, akatibiwa hapa na baadaye Dar es Salaam, na Jumapili tarehe 22 Agosti 1999, alfajiri, akafariki dunia nyumbani kwake, akiwa na mumewe na wanawe.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kumdanganya, majirani wa Kihonda mliopika na kufua bila kuitwa, na wenzake wa zamani wa idara ya ardhi mliochangia damu. Kampuni ilileta shada la maua, liko nje getini na litabaki huko huko.

Kesi inatajwa tena Jumatatu tarehe 6 Septemba, na wakili wa upande wa pili ameshaomba ifutwe kwa kuwa aliyeifungua amekufa. Sisi wanawe na nduguze tutakwenda, lakini shahidi hatuna. Nawauliza wazee wa Kinole mlioketi hapa, mmekuja kumzika Juliana au mmekuja kuhakikisha ameshakufa? Nani kati yenu atasimama kusema alichotoa yeye kwa shamba lake kilikuwa ngoto?

Namwona mama mdogo Mwamvita amesimama. Shikamoo, mama. Umechelewa mno, mama mdogo, alikungoja mpaka macho yakamwishia nguvu, na siwezi kukwambia haidhuru kwa sababu inadhuru. Lakini baki umesimama hivyo hivyo, wakuone. Na yule mzee aliye nyuma yako naye asimame vizuri, asijifiche.

Dada yangu Juliana, pumzika kwa amani, Jumatatu hiyo mlangoni tutaingia sisi.