Mstari wa Wanja Mguuni Mwangu

Assalaam alaykum, ndugu zangu wa kikundi cha mwani. Niwieni radhi kwa mwandiko mbaya na maneno niliyoyakosea. Niliishia darasa la saba, na nikisimama mbele za watu ulimi hunikauka. Ndiyo maana nimemwomba katibu anisomee.

Mnajua bamvua, maji yakitoka mbali, haimsubiri mtu. Siku hiyo mimi na binamu yangu tulichomwa na kigingi kimoja cha kufungia mwani shambani, yeye kwanza, mimi nyuma yake. Tukaosha miguu kwa maji ya bahari, tukaendelea kuvuna. Nilipochechemea akanicheka: "Yakhe, mwanamme mzima walia kwa kijiti? Maji ya chumvi ndiyo dawa!"

Kesho yake yeye alicheza mpira. Mimi nilitetemeka kwa homa, mguu umevimba, mwekundu. Nyumbani wakasema nimerogwa. Kigingi kimoja, vipi mmoja mzima, mmoja mahututi? Wakataka kumwita mganga.

Shangazi yangu, mpambaji wa maharusi, hakubishana. Baada ya adhuhuri alichukua wanja, akachora mstari kwenye ukingo wa ule wekundu.

"Ukivuka hapa kabla ya alasiri, twenda hospitali. Na asiniambie mtu neno!"

Ndugu zangu, nawaambia, alasiri haijaadhiniwa, wekundu ulishauvuka mstari kwa vidole viwili. Niliutazama kama si mguu wangu.

Huko hospitali daktari akanieleza: "Bakteria wa aina moja hawalingani. Wengine wamerithi vinasaba vya kutengeneza sumu, wengine hawana. Sumu ya hawa wako inawatia wazimu askari wa mwili wako. Wanachoma nyumba yao wenyewe."

Nilishtuka, na mpaka leo sijatulia. Kumbe sehemu ya moto ule niliuwasha mwenyewe! Nikamuuliza, na binamu je?

"Labda waliomwingia hawakuwa na silaha hiyo. Labda mwili wake ulishawajua."

Nilipasuliwa, nikachomwa sindano siku nyingi. Mguu ninao. Kovu limepita palepale penye wanja.

Namshukuru daktari, na shangazi, na binamu aliyenibeba mgongoni hadi barabarani, ambaye sasa hacheki tena. Kupona kwa mwenzako si dawa yako. Kidonda kiosheni kwa maji safi na sabuni. Wekundu ukianza kutembea, nanyi tembeeni, hospitali.

Aliyepatwa na kama haya aniandikie, hata mistari miwili. Kusema siwezi, lakini kusoma nasoma, polepole.