Mbwa wa Doreen Aenda kwa Kulungu

Benchi lipo nje ya duka la simu, Tottenham, na kila Jumamosi asubuhi Shaame huja na chupa ya kahawa ya tangawizi kwa wenzake. Leo kaja na mbwa. Mtu wa Wete, hakosi safu ya mbele msikitini, kashika kamba kwa glavu za kuoshea vyombo. Mbwa ni wa jirani yake Doreen, aliyefariki wiki mbili zilizopita, na tangu siku hiyo mbwa hali chakula. Analala tu mlangoni pa bibi yake. Doreen alizoea kumpeleka bustani kubwa ya kulungu, kusini mwa mto. Jana Shaame aliota yuko huko, ukungu umetanda, na Doreen anapita taratibu katikati ya kulungu.

— Nampeleka leo, alisema. Huenda akala.

— Hamtaingia, alisema Firoz wa Mombasa, aitwaye Waziri kwa kujua kila sheria. Kulungu wale ni wa Mfalme. Mbwa lazima awe na permit, na mwenye permit kafa. Asiyekuwapo na lake halipo.

— Permit ya nini, buda? Bonface aliuliza. Yeye wanamwita Satelaiti, maana hunasa kila habari. Kamba inatosha. Shida ni hii season wanazaa. Cousin yangu aliona kulungu mmoja akisukuma Range Rover mpaka getini.

— Ikiwa na watu? Waziri aliuliza.

— Familia nzima. Lakini mbwa aliyefiwa hawamgusi. Wanamzunguka, wanalala naye. Akikaa mwaka anaota pembe.

— Pembe? Shaame aliuliza.

— Ndogo tu. Mbwa hafi maji akiona ufuko.

Hakuna aliyebisha. Shaame aliziona pembe hizo akilini, zimelowa umande, na moyo ukamlainika.

Nancy, nesi aliyetoka shifti, alikuja kuomba kikombe. Akasimuliwa yote, akamtazama mbwa.

— Na akifika huko asimkute bibi yake, nani atamwambia?

Waziri alichungulia kikombe chake. Satelaiti akajifanya anatafuta simu. Kahawa ilikuwa imekwisha.

Shaame alivua glavu moja, akamwekea mbwa mkono kichwani. Mbwa akaulamba. Shaame hakuuondoa.

— Wewe Shaame, alisema Waziri kwa upole, hiyo najisi ya mbwa utaiosha mara saba, moja kwa udongo.

— Udongo upo huko huko bustanini, alisema Shaame, akainuka.