Sura ya Kashindye Kwenye Chupa ya Dawa

"Bandua sura yangu kwenye chupa!"

"Mayu, mama yangu, wewe mtu maarufu. Sura ya mtu maarufu ni ya watu wote."

"Ya watu wote? Na huu mguu niliokatwa, nao wa watu wote?"

"Shikamoo mama. Naomba nifanye kazi."

Mgeni rasmi, shikamoo. Maneno hayo yalisemwa hapa hapa Nyakato, mwezi wa tatu, mlangoni mwa ghala la dawa ya kienyeji ya kisukari inayoitwa Sukari Kwisha. Aliyekuwa anadai, kasimamia magongo, ni manju wetu, mwimbaji na kiongozi wetu wa ngoma, marehemu Kashindye. Aliyekuwa anamjibu ni Chenge, mwenye dawa. Tumeanzia hapo maana salamu ndefu zinachosha, na jua ndiyo hili.

KARIBU

Karibu Nyakato. Tumekuchezea ukainuka, ukacheza na sisi, tumefurahi. Turubai ulilokaa chini yake limeletwa na mdhamini. Bango lililo nyuma ya kiti chako pia ni lake. Hilo bango tutalirudia.

TULIKOTOKA

Sisi ni kikundi cha Wagalu, mwaka wa kumi na nne huu. Wapinzani wetu ni Wagika. Tunashindana uwanja mmoja, siku moja, na watu wakihamia upande wako umeshinda. Ndiyo maana kila manju lazima ajisifu kwamba ana dawa ya kuvuta watu. Dawa ya Kashindye ilikuwa asali na tangawizi, ya kulainisha koo basi. Lakini alikuwa akiinua ile chupa juu, anawaambia Wagika, "Dawa ndiyo hii, nyie kanyweni maji ya ziwa!" Na sisi nyuma yake tunapayuka, "Imemponya! Imemponya!" Koo lake, yaani. Utani tu. Uwanjani kila mtu anajua.

MAFANIKIO

Alijulikana Nansio, akajulikana Sengerema. Akipita sokoni, akina mama wanaacha dagaa zao wanamfuata. Hayo ndiyo mafanikio yetu, na ndiyo yaliyotuponza.

KILICHOTUPATA

Chenge alichukua video ya simu, akakata ule utani wa Wagika, akabakiza chupa na kelele zetu. Kwenye chupa akabandika lebo yake yenye sura ya manju. Mgeni rasmi, hizo sauti za tangazo lake la redioni zinazosema "imemponya" ni zetu sisi tuliosimama hapa. Hakutuuliza. Hata Kashindye hakuulizwa.

Mwanzoni tulichekelea. Tukasema manju katoka sasa. Hatukujiuliza kwa nini yeye hacheki. Kumbe ugonjwa wa sukari alikuwa nao kweli, mwaka wa pili, anajichoma sindano kimya kimya.

Mguu ulioza, ukakatwa. Kule wodini kitanda cha jirani alilala Dorotea, muuza samaki wa Nansio. Akamkazia macho.

"Si wewe wa kwenye chupa?"

"Ndiye mimi."

"Mbona na wewe umelazwa?"

Dorotea akachomoa chupa chini ya mto.

"Mimi niliacha sindano, mayu. Huyo Chenge simjui. Nilikuamini wewe."

Siku ya tatu kile kitanda kikatandikwa upya, akaletwa mtu mwingine.

Ndipo Kashindye alipotoka na magongo yake akaenda ghalani, akajibiwa kama ulivyosikia mwanzo. Tukampeleka ofisi ya hakimiliki. Karani akatuuliza, "Wimbo mlisajili?" Hatukusajili. "Basi, ni sura tu?" Akacheka. "Sura nayo inasajiliwa?"

Mwezi wa sita Kashindye akafariki. Tulimzika Jumamosi. Jumatatu asubuhi redio ikatangaza kwamba amepona.

TUNACHOOMBA

Tulikuwa tumeandika spika, sare na choo cha uwanja. Tumevifuta vyote.

Tunaomba lebo zile zibanduliwe, redio inyamaze, na iwekwe sheria inayoeleweka hata na sisi: sura na sauti ya mtu hazipandi kwenye bidhaa mpaka mwenyewe akubali, na akifa waulizwe watoto wake. Leo hii kuna mtu huko visiwani anaweka sindano pembeni kwa sababu ya marehemu wetu.

Mgeni rasmi, geuka utazame bango. Ndiye huyo, Kashindye. Na Chenge, mdhamini wa leo, ndiye aliyekaa kiti cha pili kushoto kwako. Muulize sasa hivi tukiwa tunasikia.

Mungu akuepushe na ugonjwa huu. Ukikupata, akupe mtu wa kukuambia ukweli.

Risala ikiisha huwa tunapiga picha ya pamoja na mgeni. Leo hatupigi. Queen, binti wa Kashindye, anakuletea karatasi hii na chupa moja. Usimshike mkono asubiri kamera. Atakukabidhi, atageuza mgongo, na ataondoka.

Ni sisi,
Wagalu wa Kashindye, Nyakato