Siku ya Kumwokoa Mume

Mama mkwe alipopanda basi alimwona mkwewe, fundi rangi, amekaa mbele. Akavuta mtandio usoni, akakaa kiti cha nyuma yake kimyakimya. Alikuwa anakwenda kumtuliza binti yake, aliyelia jana kutwa kwa kuwa mume kasahau kumbukumbu ya ndoa yao.

Fundi alikuwa akimbembeleza muuguzi asiyemjua, mwenye utepe wa kampeni ya afya kifuani. "Dada, mwezi huu wa saba una maadhimisho tele: siku ya urafiki, ya aiskrimu, ya kila kitu. Nipe ya leo, nimwambie mke wangu sherehe niliisogeza makusudi."

"Leo ni siku ya homa ya ini duniani, kaka. Mpeleke akapime."

"Nimpe sindano badala ya maua?"

"Ni bure, na inaokoa maisha."

"Yake au yangu?"

Mama mkwe nusura acheke. Binti yake akinuna, hata kuku wa jirani huacha kutaga.

Basi likasimama. Mtandio ukashuka, na fundi akageuka.

"Shi... shikamoo, mama!"

"Marahaba, baba. Nibebee kapu, tunakwenda kwako. Leo ni siku ya mama mkwe, muuguzi kasahau kukwambia."