Gharama ya Kukusanya Vilivyotawanyika

Ndugu, jamaa na majirani mliofika, aliyepangiwa kusoma wasifu wa marehemu ni shemeji yangu, nimemwomba karatasi nisome mimi mjane, mnivumilie, nikinyamaza leo sijui nitasema lini.

Marehemu mume wangu alizaliwa tarehe 14 Machi 1989, kitindamimba wa watoto wanne, akasoma shule ya msingi iliyo nyuma ya soko kuanzia 1996 hadi 2002, akaendelea na sekondari, kisha chuo kikuu, akahitimu sayansi ya kompyuta Novemba 2012.

Januari 2013 aliajiriwa na ofisi inayotengeneza kompaila, yaani programu inayogeuza maandishi ya wataalamu kuwa amri za kompyuta, na kazi yake ilikuwa kukadiria mapema kama kuchota namba nane kwa mkupuo kutoka kwenye kumbukumbu ya mashine kutakuwa na nafuu kuliko kuzichota moja moja, ndiyo maana mama mkwe alimtania kwamba mwanawe analipwa kwa kubahatisha, naye akajitetea kwamba ni kubahatisha kwa adabu.

Tulifunga ndoa tarehe 6 Agosti 2016, tukajaliwa binti 2017, mwana 2020, na huyu niliyembeba, aliyezaliwa Februari mwaka huu, na mimi niliyeishia kidato cha nne alinielewesha kazi yake kwa nepi, kwamba zikiwa kwenye kamba moja nitazizoa mara moja, lakini zikiwa zimetupwa kila chumba, hata ningekuwa na mikono minane, kazi ni kuzifuata moja moja. Mwaka 2021 makadirio yake yalihesabu kubeba namba nane kwa pamoja yakasahau kazi ya kuzikusanya zilikotawanyika, programu za watu zikazidi kuwa nzito, hakutulia hadi aliporekebisha.

Aprili kichwa kilianza kumuuma, akakadiria ni uchovu, kumbe ni uvimbe, akalazwa tarehe 3 Mei, akafariki tarehe 29 Mei asubuhi, nimemshika mkono.

Jana kikao cha familia kiliamua binti aende kwa shangazi yake, mwana kwa baba yake mkubwa, mimi nibaki na huyu kichanga, mzigo uwe mwepesi, na shangazi mtu akaniuliza nina mikono mingapi. Shangazi, mikono ni hii miwili, najua mmenionea huruma, lakini wazee wangu mmehesabu kubeba, hamjahesabu kukusanya, wakiugua, wakimlilia baba yao, nitawafuata mlango kwa mlango hadi lini, nawaomba mbele ya jeneza lake, msaada uleteni pale walipo, wanangu msiwatawanye.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, majirani mliotupikia na kutufulia, na wafanyakazi wenzake mliokaa naye wodini kwa zamu.

Pumzika kwa amani, baba watoto, wawili wako benchi la mbele wameshikana mikono, wa tatu yuko mgongoni mwangu, kwa sasa wako pamoja.