Gari Iliyong'aa Mno

OPERETA: Musoma, gereji ya Iringo? Una simu ya Bunda. Ongea, Bunda.

CLEMENTI: Haloo? Haloo, nani mwenzangu?

HANA: Haloo… (mkwaruzo) …mimi Hana. Hana wa Masatu.

CLEMENTI: Ah, shemeji. Sauti yako inakuja kama umetia kichwa kwenye mtungi. Habari za Bunda? Mbona simu ya mbali, kuna msiba?

HANA: Msiba hakuna. Shikamoo, Fundi.

CLEMENTI: (anacheka) Shikamoo? Kaka yangu amekuoa miaka yote hii, tangu lini wewe unaniamkia—

HANA: Nasema shikamoo, Fundi Clementi.

CLEMENTI: Marahaba.

HANA: Napigia hapa kinu cha pamba, ofisi ya karani. Niko na ndugu wa msako wa magendo. Mmoja amekaa hapa mezani, mwenzake yuko nje. Wameniambia nikupigie nikueleze kama nilivyowaeleza wao, halafu na wao wana neno na wewe.

CLEMENTI: Masatu yuko wapi?

HANA: Yuko nje kwenye benchi, hapa chini ya dirisha. Hajambo. Wamemfunga mikono tu, kwa ile kamba ya kufungia marobota.

CLEMENTI: Wamemfunga kamba? Amefanya—

HANA: Ngoja nikueleze toka mwanzo. Unanisikia?

CLEMENTI: Nakusikia. Eleza.

HANA: Juzi Masatu aliosha gari. Unamjua, ile Pijo kwake ni kama mtoto mchanga. Akatoa viti, akakung'uta vumbi lote la barabara ya Butiama. Ndani ya boneti hakumwaga maji, alipitishaga kitambaa kikavu siku zote, kama ulivyomwelekeza, maana maji yakilala kwenye nyaya umeme unapotea njia. Vichwa vya betri akavisugua kwa brashi ya waya na maji moto yenye magadi, ule ukoko mweupe ukatoka wote, akapaka grisi. Nje akaoshea majani ya mpapai.

CLEMENTI: Majani ya mpapai? Si kulikuwa na ile—

HANA: Majani ya mpapai, Fundi. Yakipondwa yanatoa povu. Sabuni nani anayo siku hizi?

CLEMENTI: Kweli. Nani anayo.

HANA: Basi leo asubuhi akapakia mgonjwa, mama mmoja wa kwenda Butiama kwa watu wake. Walipofika njia panda wakakuta kizuizi kipya. Magari yote mbele yake yana vumbi mpaka kwenye vioo, yeye anakuja na gari kama bibi harusi. Huyu ndugu akamuuliza gari ya nani, Masatu akasema yangu. Akapitisha kidole kwenye boneti, akakinusa. Akamuuliza umeosha na nini. Masatu akamwambia. Ndugu hakusema kitu, akanusa tena. (mkwaruzo) …haloo?

CLEMENTI: Nipo. Endelea.

HANA: Akamwambia fungua boneti. Akaona betri safi, akauliza grisi umepata wapi, Masatu akasema ni ya zamani, imebaki kwenye kopo. Akainama chini ya dashibodi, akavuta kile kisanduku cha fyuzi. Akazikuta zinang'aa zote. Hapo ndipo akamwambia yule mgonjwa ashuke.

CLEMENTI: Akamshusha mgonjwa pale pale?

HANA: Pale pale, kwenye majani, na mkeka wake. Gari ikageuzwa. Wakaja nyumbani, wakapekua mpaka kwenye pipa la mtama. Hawakukuta kitu.

CLEMENTI: Wewe ulikuwepo?

HANA: Nilikuwepo. Nilikuwa ndio natoka kumwaga maji chooni.

CLEMENTI: Vizuri. Maji yakikaa yananuka.

HANA: Sasa neno lao ni moja. Wanasema maduka hayana fyuzi hata moja, kuanzia Musoma mpaka Mwanza, zilizopo zinavushwa mpakani Sirari kwa magendo. Kwa hiyo Masatu atakuwa na mtu anayemletea. Na mtu huyo wanamtaka. Mimi nikawaambia hakuna mtu, hizo ni zile kuukuu—

CLEMENTI: Kuukuu? Lakini mimi nili—

HANA: —ulizisafisha, ndiyo. Ndivyo nilivyowaambia. Nikasema fundi wetu wa umeme yuko Iringo, yeye ndiye aliyezisafisha, mpigieni mwenyewe.

(Kimya. Laini inavuma.)

HANA: Fundi? Simu imekatika?

CLEMENTI: Haijakatika. Nilikuwa naweka spana chini.

HANA: Ndugu anataka kujua unazisafishaje. Mimi ni mwanamke tu, nimeshindwa kueleza.

CLEMENTI: Si kazi kubwa. Fyuzi ni kibomba cha kioo, huku na huku kina kofia ya shaba. Ule waya wa ndani kama haujaungua, fyuzi ni nzima, kinachoharibika ni zile kofia, zinashika kutu ya kijani. Unasugua kofia kwa majivu na ndimu. Unapitisha msasa laini, kidogo tu. Kioo unafuta kwa kitambaa. Na ile mikono inayoshika fyuzi nayo unaisugua, kwa sababu kutu ikibaki pale inaleta joto. Ukimaliza, mtu asiyejua atasema imetoka dukani.

HANA: (pembeni) Umesikia, ndugu? Majivu na ndimu. (kwenye simu) Anaandika. Na niliwaeleza habari ya Hyasinta wetu.

CLEMENTI: Uliwaeleza vizuri?

HANA: Niliwaeleza kama ilivyokuwa. Kwamba fyuzi zilipokosekana Masatu aliwekaga ile karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, kama madereva wote. Na karatasi haikatiki umeme unapozidi, inabeba tu. Siku ile nyaya zikashika moto chini ya dashibodi, mtoto amekaa mbele, plastiki ikamdondokea mguuni ikiwaka. Mpaka leo anatembea kwa ubavu wa unyayo. Masatu akaapa mbele yangu kwamba karatasi haitaingia tena kwenye ile gari, hata kama gari italala mwaka mzima. Ndipo akaja kwako.

CLEMENTI: Ndipo akaja kwangu. Alilia hapa gerejini, shem— alilia mbele ya watu.

HANA: Ndugu anauliza ulizitoa kwenye gari gani.

CLEMENTI: Nilizitoa wapi?

HANA: Ndiyo. Hizo kuukuu. Zilikuwa kwenye gari gani kabla hujazisafisha.

(Mkwaruzo wa laini.)

HANA: Fundi, anasubiri.

CLEMENTI: Gari ya Bernado. Wa Nyegina. Ile Pijo yake iliyokufa injini.

HANA: Simu inakoroma, sisikii. Ya nani?

CLEMENTI: Ya Bernado.

HANA: (kwa sauti ya juu) Ya Bernado? Bernado wa Nyegina, Fundi? Unasema gari mbovu ya Bernado wa Nyegina?

CLEMENTI: Ndiyo, ndiyo. Hiyo hiyo. (kwa sauti ya chini) Masatu amesikia huko dirishani?

HANA: Simu mbaya sana hii. Haya, ndugu anataka kuongea. Nampa.

MGENI: Haloo. Ndugu Fundi.

CLEMENTI: Naam, ndugu. Habari za kazi?

MGENI: Hiyo gari ya Bernado ipo mpaka leo?

CLEMENTI: Ipo. Imekaa kwenye mawe nyuma ya nyumba yake, kuku wanatagia humo.

MGENI: Kwa hiyo mtu akienda leo akafungua kisanduku chake cha fyuzi, atakuta kitupu.

CLEMENTI: Atakuta kitupu.

MGENI: Una hakika.

CLEMENTI: Nilizitoa mwenyewe, ndugu.

MGENI: Vizuri. Mimi sina ugomvi na mtu anayesema kweli. Mwezi uliopita kulikuwa na fundi mmoja huko Tarime, naye alikuwa na maelezo mazuri kama yako. Sasa yuko mbali, mke wake anatuulizaga sisi kama anakula. Usitoke hapo gerejini. Nitawapigia wenzangu wa Musoma wakupitie, muende wote Nyegina, ukawaonyeshe.

CLEMENTI: Nitakuwepo.

MGENI: Subiri kwenye simu. Nataka kwanza nimuulize dereva alitajiwa gari gani. Mama, shika hii.

(Hatua. Mlango.)

HANA: Haloo, shemeji.

CLEMENTI: Ametoka?

HANA: Ametoka, nimebaki na karani, naye amegeukia ukutani. Sema upesi. Kisanduku cha Bernado ni kitupu kweli?

CLEMENTI: Sio kitupu. Zimo tatu. Niliziona mwezi uliopita nilipokwenda kuangalia dinamo, zimeoza kutu, sikuzigusa. Nilitaja jina la kwanza lililonijia.

HANA: Mungu wangu. Na wewe ulizozileta—

CLEMENTI: Usiseme. Hata kwa karani usiseme.

HANA: Baiskeli unayo?

CLEMENTI: Ipo hapa nje. Nikikanyaga kweli kweli nafika Nyegina, nazing'oa, namwambia na Bernado aseme hivyo hivyo. Lakini wenzake wako hapa hapa mjini, na wana Landrova. Akiwapigia tu watanikuta bado navua ovaroli.

HANA: Masatu anaulizwa. Nawaona. Huyu ndugu amechuchumaa mbele yake kama anamfunga mtoto kiatu.

CLEMENTI: Amesikia lile jina?

HANA: Sijui. Nilipiga kelele mpaka karani akashtuka. Anamuuliza tena. Masatu anaangalia chini.

CLEMENTI: Shemeji, kama hakusikia—

HANA: Nyamaza kidogo. (kimya) Anasema. Naona midomo. Ber… Amesema. Amemtaja Bernado.

CLEMENTI: Afadhali.

HANA: Afadhali nini, huyu anatabasamu. Anarudi. Shemeji, sikiliza, kama hatutaonana, Hyasinta yuko kwa mama yangu—

CLEMENTI: Tutaonana.

HANA: —ule mguu unatakiwa kukandwa jioni, kwa maji ya chumvi, usimwachie bibi peke yake, macho yake hayaoni vizuri. Haya. (kwa sauti nyingine) Ndiyo, ndugu, bado yupo. Asante, Fundi. Kwaheri.

CLEMENTI: Kwaheri, Hana.

MGENI: Fundi, weka simu chini, nataka laini. Opereta. Opereta, uko hapo?

OPERETA: Niko hapa.

MGENI: Nipe Musoma. Ofisi yetu ya msako. Haraka.

OPERETA: Laini ya Musoma imekufa, ndugu.

MGENI: Imekufaje? Nimetoka kuongea na Musoma sasa hivi.

OPERETA: Ndio imekufa sasa hivi. Si umesikia ilivyokuwa inakoroma? Huanza hivyo, halafu inakufa. Mafundi wa nguzo wameshapelekewa habari.

MGENI: Itarudi saa ngapi?

OPERETA: Jaribu jioni. Ikirudi nitakuita mwenyewe hapo kinuni.

MGENI: Opereta.

OPERETA: Naam.

MGENI: Wewe unaitwa nani?

(Kimya. Laini inavuma.)

MGENI: Nimekuuliza jina.

OPERETA: Eufrasia.

MGENI: Eufrasia. Haya. Nikimaliza hapa nakuja kuangalia hiyo laini mwenyewe.

(Simu ya Bunda inawekwa chini.)

OPERETA: Musoma. Fundi. Bado uko kwenye simu?

CLEMENTI: Nipo. Nimesikia yote. Dada yangu, mimi hata sikujui, sasa wewe utamwambia nini akija—

OPERETA: Hilo niachie. Kwa gari kutoka kinuni mpaka hapa posta hakuna hata mwendo, akifika itabidi nimuunganishe na Musoma. Wewe bado unafanya nini hapo?